Fidia aliyoikataa Nabothi

Novemba 17, 1951, askari wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika walianza kuwaondoa Wameru katika ardhi ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru. Nyumba zilitiwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakabaki wakitafuta ndugu wa kuwahifadhi. Wiki tano baadaye, mkesha wa Krismasi, wanajeshi wa Israel walilipua nyumba za kijiji cha Iqrit, Galilaya ya juu, karibu na mpaka wa Lebanon. Jengo walilolibakiza limesimama lilikuwa kanisa.

Wameru hao, Walutheri wengi miongoni mwao, hawakuwa na habari na Wapalestina wa Iqrit, ambao ni Wakatoliki wa madhehebu ya Kimelkiti. Wapalestina nao hawakuwa na habari na Wameru. Hata hivyo jamii zote mbili ziliambiwa jambo moja: tokeni hapa, mtapewa kwingine na mtalipwa. Zote mbili zikajibu kwamba hazitaki.

Jibu hilo huwachanganya maofisa wa ardhi popote duniani. Mtu akipewa eneo jingine pamoja na fedha, atakataaje? Ndipo swali la sheria linapogeuka kuwa swali la imani. Kiswahili chenyewe kimeyaweka mambo hayo mawili katika neno moja. Fidia ni fedha anazohesabiwa mwenye shamba barabara inapopita kwake. Fidia pia ndilo neno ambalo Mkristo hulisikia kanisani likielezea kifo cha Yesu msalabani. Ya kwanza ina jedwali la viwango: mche wa kahawa kiasi hiki, bati kiasi hiki. Ya pili haina bei. Kwa karne moja sasa, wakulima Wakristo waliopokonywa ardhi wamekuwa wakiwauliza viongozi wao wa dini ni fidia ipi kati ya hizo mbili inayoingia shambani.

Mhuri wa mfalme

Kisa wanachokirudia zaidi kimo katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Nabothi wa Yezreeli ana shamba la mizabibu lililopakana na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme analitaka alifanye bustani ya mboga. Hamnyang'anyi, anamtolea ofa nzuri tu, ama shamba lililo bora kuliko hilo ama thamani yake kwa fedha. Nabothi anakataa, kwa kuwa shamba ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi nyumbani, anajilaza na kuugeuzia ukuta uso wake, hataki chakula.

Yanayofuata yana sura ya ofisi kabisa. Malkia Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga mhuri. Wazee wa mji wanatangaza mfungo, wanaitisha kikao, wanaleta mashahidi wawili, idadi ileile inayotakiwa na sheria. Nabothi anahukumiwa na kupigwa mawe. Kwa mtazamaji wa nje, kila hatua imefuata utaratibu. Ni nabii Eliya peke yake anayelitaja tendo hilo kwa jina lake: mauaji na wizi.

Wahubiri wengi huishia kwenye uovu wa Yezebeli. Wanateolojia wa ardhi husimama mapema zaidi, pale kwenye ofa. Wanasema kisa hiki kina uzito kwa sababu Ahabu alianza kwa ustaarabu. Walichogombania yeye na Nabothi ni maana ya shamba kabla ya kuwa bei yake. Kwa mmoja lilikuwa kiwanja, kinabadilishika. Kwa mwingine lilikuwa mahali wafu wake na wajukuu wake wanapokutana.

Mduara kuuzunguka mlima

Meru ilikuwa imeonja mhuri wa mfalme zamani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri siku chache baada ya kupiga hema. Waliowaua waliwaona kama sehemu ya msafara wa jeshi la Wajerumani, na kwa hofu hiyo hawakuwa mbali sana na ukweli, maana jeshi lilifuata upesi kulipiza kisasi kwa mauaji, uchomaji na uporaji wa ng'ombe. Misheni ilirudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga. Miaka michache baadaye serikali ya Kijerumani iligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, hadi mashamba yao yakawa mduara uliowabana Wameru kati yake na msitu.

Kwa hiyo Injili na kigingi cha mpaka vilifika Meru katika kizazi kimoja. Mmeru aliyebatizwa Nkoaranga alimwamini Mungu aliyeiumba nchi, akatoka kanisani na kukuta nchi imepimwa na kupewa mwingine.

Ndani ya misheni hiyohiyo ya Leipzig palikuwa na mtu aliyelifikiria jambo hili kwa kina, ingawa kwa namna inayoleta ubishi hadi leo. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani wa ardhini na rika ni mafungamano yaliyowekwa na Muumba, na kwamba Injili haikuja kuyang'oa. Kihamba cha Mchaga, chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, kwake kilikuwa karibu na altare. Kwa mafundisho hayo Wakristo wengi wa Kilimanjaro walibaki Wachaga bila kuona haya. Wakosoaji wake wanaonyesha upande wa pili: katika Ujerumani ya miaka ya 1930, hoja zinazofungamanisha damu, udongo na mapenzi ya Mungu zilitumika kuwatenga na kuwaangamiza watu. Fundisho linalomlinda mnyonge mlimani linaweza kuwa silaha mikononi mwa mwenye dola.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Jaji Mark Wilson aliteuliwa kuchunguza uhaba wa ardhi katika Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilikiri kwamba wenyeji wamebanwa. Dawa yake, hata hivyo, ilikuwa kuyapanga maeneo upya ili walowezi wapate ukanda wao mmoja wa kufugia kati ya Meru na Kilimanjaro. Engare Nanyuki ikaangukia humo. Wameru wakaoneshwa Kingori, chini kwenye joto na homa, wakaahidiwa maji, huduma na fedha za fidia.

Walikataa kwenda na walikataa kupokea fedha. Wakachanga senti zao, wakamtuma Kirilo Japhet New York pamoja na wakili wao wa Moshi, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza, Mtanganyika wa kwanza kufika pale kama mleta maombi. Mwishoni mwa mwaka suala lilifika Baraza Kuu. Nchi nyingi ziliwaunga mkono Wameru, lakini azimio halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kirilo alirudi bila ardhi. Alichorudi nacho ni kisa cha kusimulia, akazunguka nchini kukisimulia, na mwaka 1954, TANU ilipozaliwa, watu wengi walikuwa wamekwisha kusikia kwamba serikali ya Kiingereza inaweza kushtakiwa mbele ya dunia. Machi 1955 Julius Nyerere alipanda ngazi zilezile za New York. Mwaka 1958, katika kijitabu chake kuhusu mali ya taifa, Nyerere, Mkatoliki wa kila siku kanisani, aliijenga hoja yake dhidi ya kuuza ardhi kama bidhaa juu ya msingi wa dini: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kilicho cha mtu ni jasho alilolimwaga juu yake.

Majuma mawili ya Iqrit

Iqrit kilikuwa kijiji cha watu wasiozidi mia tano. Majeshi ya Israel yalikiteka mwisho wa Oktoba 1948 bila mapigano. Siku chache baadaye wakazi waliambiwa wahamie kijiji cha Rama kwa muda wa wiki mbili hivi, hadi hali ya usalama itulie mpakani. Walichukua nguo na funguo. Wiki mbili hizo hazijaisha.

Kinachokitofautisha kisa chao na vya vijiji vingine mamia vilivyobaki mahame mwaka huo ni kwamba watu wa Iqrit hawakuvuka mpaka. Walibaki raia wa Israel, na kama raia wakaenda mahakamani. Julai 31, 1951, Mahakama Kuu ya Israel iliamua kwamba hakuna amri halali inayowazuia kurudi. Jeshi likatoa amri ya kuwafukuza watu ambao tayari hawakuwepo. Krismasi ilipofika, kikafuata kile ambacho mahakama haikuwa imekiruhusu. Kijiji jirani cha Kafr Bir'im, cha Wakristo wa Kimaroni, kilipigwa mabomu kutoka angani Septemba 1953 baada ya wakazi wake nao kwenda mahakamani. Leo magofu yake yamo ndani ya hifadhi ya taifa, pamoja na sinagogi la kale ambalo watalii huenda kulitazama.

Mmoja wa watoto waliotolewa Kafr Bir'im alikuwa Elias Chacour, aliyezaliwa mwaka 1939, ambaye baadaye alijenga shule kubwa mjini Ibillin wanakosoma watoto Wakristo na Waislamu pamoja, na mwaka 2006 akawa askofu mkuu wa Wamelkiti wa Galilaya. Kabla yake, katika kiti hichohicho, askofu mkuu Joseph Raya aliongoza maandamano Jerusalem mwaka 1972, Wayahudi na Waarabu wakitembea bega kwa bega kudai wanavijiji warudishwe. Serikali ya Golda Meir ilikataa, ikihofia kwamba wakirudi hao, wengine nao watadai. Serikali zilizofuata zilitoa ofa ya viwanja vingine na fedha. Wengi wa Iqrit wakajibu kama Nabothi.

Ahadi ya nani?

Kwa Mkristo wa Arusha au Mbeya kuna kikwazo hapa, na wanateolojia wa Kipalestina wanakifahamu. Tangu utotoni ameimba juu ya Kanaani. Anapotaja Nchi ya Ahadi, akili yake humwona Ibrahimu akiahidiwa na Mungu, Musa akiitazama kwa mbali, Yoshua akivuka mto. Makanisa mengi ya Afrika Mashariki huhubiri kwamba kurudi kwa Wayahudi mwaka 1948 ni unabii uliotimia. Mafundisho hayo yana historia yake. Yalipangwa kimfumo na Mwingereza John Nelson Darby katika karne ya 19, na kusambazwa sana na Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, iliyotoka mwaka 1909.

Naim Ateek alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Beisan, upande wa mashariki wa bonde lilelile la Yezreeli alikokuwa na shamba Nabothi. Mei 1948, akiwa na miaka kumi na moja, yeye na familia yake walipakiwa kwenye basi pamoja na Wakristo wengine wa mji na kupelekwa Nazareti. Alikua, akawa kasisi wa Kianglikana Jerusalem, na mwaka 1989 akatoa kitabu kilichoweka msingi wa teolojia ya ukombozi ya Wapalestina. Katikati ya kitabu hicho yupo Nabothi. Ateek alikiri kwamba waumini wake walikuwa wamefika mahali pa kutoweza kulisoma Agano la Kale, kwa kuwa kila waliposikia neno "Israeli" walisikia mlango ukibomolewa. Kwa kisa cha Nabothi aliwaonesha kwamba Agano hilohilo lina mahakama inayomhukumu mfalme wa Israeli mwenyewe.

Hoja yake na ya wenzake haikanushi ahadi kwa Ibrahimu. Inauliza masharti yake. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inakataza kuuza ardhi moja kwa moja kwa sababu mwenye ardhi ni Mungu, na wanaoikaa ni wageni na wapangaji wake. Mpangaji akimdhulumu mpangaji mwenzake, manabii walionya, ataipoteza nchi. Mmarekani Walter Brueggemann, aliyeandika mwaka 1977 juu ya ardhi katika Biblia, aliona Agano la Kale lote likiyumba kati ya kupewa ardhi na kuipoteza, na sababu kubwa ya kuipoteza ni kusahau kwamba ilitolewa. Mlutheri wa Bethlehem, Mitri Raheb, anaongeza jambo lake: milki zilizoitawala Palestina zimepita nyingi, kuanzia Waashuru na Warumi hadi Waturuki na Waingereza, na muda wote huo kuna watu waliobaki wakilima, wakibadili lugha na hata dini bila kubadili shamba.

Dhana kwamba ardhi inaweza kutolewa ahadi na mtu asiyeimiliki si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa Ulaya Mashariki wapewe makazi Uasin Gishu, nyanda za juu za Kenya ya leo. Kongamano la Wazayuni lilituma watu kuikagua, na mwaka 1905 likalikataa pendekezo. Wanandi na Wamasai waliochunga huko hawakuulizwa. Miaka mitatu baadaye Makaburu walifika na magari yao ya ng'ombe, na mji wa Eldoret ukaota.

Kutoka Dar es Salaam hadi Bethlehem

Kuna njia nyingine inayoiunganisha Tanzania na mjadala huu, na inapitia kanisani. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Mkutano huo ulitamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ungamo la imani: kanisa linaloukubali limejitenga na Injili yenyewe. Ulikuwa uamuzi mzito, kwa kuwa ulihamisha siasa ya kugawa watu na maeneo kutoka kwenye orodha ya maoni hadi kwenye kanuni ya imani.

Mwaka 1985 wanateolojia wa Afrika Kusini, wengi wakitokea Soweto, walitoa Waraka wa Kairos. Waliitofautisha teolojia ya dola, inayoibariki serikali, na teolojia ya kanisa, inayohubiri upatanisho bila haki, wakazikataa zote mbili. Desemba 2009 Wakristo wa Palestina walikutana Bethlehem na kutoa Kairos yao. Miongoni mwa walioiandaa walikuwa Ateek, Raheb na patriaki mstaafu wa Kilatini, Michel Sabbah. Waliiita hali ya kukaliwa kimabavu dhambi dhidi ya Mungu na binadamu, wakasema upinzani wa Mkristo lazima utokane na upendo. Mwaka uliofuata askofu wa Walutheri wa Jerusalem, Munib Younan, alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho lilelile aliloliongoza Kibira.

Waraka ulipata wakosoaji. Viongozi wa Kiyahudi, na Wakristo wanaofanya kazi ya maelewano nao, walionya kwamba kuzisoma ahadi za Ibrahimu kama jambo la dunia nzima kunaweza kurudisha fundisho la kale kwamba kanisa limechukua nafasi ya Wayahudi. Onyo hilo lina uzito wa makaburi. Fundisho hilo lililisha chuki ya karne nyingi Ulaya, na Kanisa Katoliki lilianza kuachana nalo rasmi katika Mtaguso wa Vatikani wa Pili, mwaka 1965, miaka ishirini baada ya mauaji ya Wayahudi milioni sita. Wayahudi wengi waliofika Galilaya mwaka 1948 walikuwa wenyewe wametolewa majumbani mwao wakiwa na funguo mkononi.

Makanisa nayo yana hati zao za kueleza. Patriarki ya Kigiriki ya Kiorthodoksi ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa ardhi Jerusalem. Bunge la Israel limejengwa juu ya ardhi iliyokodishwa kutoka kwake, na waumini wake Waarabu wamewahi kuwashtaki hadharani viongozi wao kwa kuuza na kukodisha mali. Tanganyika, misheni nyingi zilipata mashamba kwa mkono wa serikali ya Kijerumani. Anayemhubiri Nabothi anaweza kukuta anuani ya Ahabu kwenye faili lake mwenyewe.

Makaburi

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969. Kila mradi mkubwa unapopita kijijini, vikao huenda salama hadi vifike hapo. Ndipo mzee mmoja husimama na kuuliza nani atamweleza marehemu.

Engare Nanyuki ilirudi. Ufugaji wa walowezi haukushika, na baada ya uhuru Wameru waliikaa tena. Leo Ngarenanyuki ni kata ya wilaya ya Arumeru, malori hupakia nyanya huko kwenda mijini, na ugomvi wake mkubwa sasa ni zamu za maji ya mfereji.

Iqrit haijarudi. Mwaka 2003 Mahakama Kuu iliukubali msimamo wa serikali kwamba hali ya usalama hairuhusu. Tangu mwaka 2012 vijana wa kizazi cha tatu wamekuwa wakikaa kwa zamu kando ya kanisa, wakilala ndani ya vyumba vyake na kupanda miche ambayo maofisa wamewahi kuja kuing'oa. Misa inasomwa, ndoa zinafungwa na watoto wanabatizwa, kisha magari yanateremka kilima kurudi Haifa na Rama. Tangu miaka ya 1970 serikali inaruhusu watu wa Iqrit wazikwe kijijini. Kwa hiyo mzee aliyeondoka mwaka 1948 na mzigo wa wiki mbili hupandishwa kilimani kwa gari, hupitishwa kanisani, na kuteremshwa kwenye udongo wa baba zake bila kuomba kibali cha ukazi.